Tangi Moja la Mtaa Mzima

Kama leo ndiyo unanisoma kwa mara ya kwanza, vuta kiti. Ya nyuma nitakupa kwa ufupi, maana aibu ikishasimuliwa mara moja, mara ya pili haiwashi sana.

Mimi ndiye yule mzee aliyetoka kwao na miaka ishirini na miwili, akazunguka miaka arobaini. Nimechimba mitaro, nimewapikia wajenga barabara, nimelinda maghala ya watu, nimeuza miwani kwa wasioona na mimi mwenyewe sioni. Nimerudi na begi moja lenye zipu mbovu.

Dada yangu, mwalimu mkuu mstaafu, hakunifukuza. Alinipa stoo iliyo nyuma ya nyumba yake niifanye chumba. Sharti lilikuwa moja: ufunguo atakaa nao yeye mpaka chumba kipate cheti cha jengo la kijani. Chumba kisicho na cheti, watu wa halmashauri hukichora alama ya X kwa rangi nyekundu, na wiki ya pili linakuja tingatinga.

"Sitaki tingatinga uani kwangu," alisema. "Na sitaki mtu mzima alale kwenye kochi langu mpaka Mungu amkumbuke. Ukipata cheti, utapata ufunguo. Ukikosa, begi lako unajua lilipo."

Funguo zake dada huzivaa shingoni kwa kamba, hata akienda kuoga. Kwa nini huzivaa hivyo, nitafika.

Wiki iliyopita niliwaacha pale mkaguzi alipotuma ujumbe: nakuja kesho saa nne asubuhi. Nasi tulikuwa na kila kitu isipokuwa tangi.

Kanuni hizi mpya si mchezo. Dirisha lisipungue sehemu ya kumi ya sakafu, na hewa iingie huku itokee kule. Bati lipakwe rangi nyeupe lisimeze jua. Mbao za zamani zitumike tena. Choo kiwe na vitufe viwili, kimoja cha haja ndogo, kimoja cha haja kubwa, na mwenye haja aamue kwa uaminifu. Na kila jengo jipya, au la zamani lililokarabatiwa, liwe na tangi lake la kukinga maji ya mvua, lita elfu moja, chini ya gata.

Nisiwe mnafiki. Kanuni zenyewe ni nzuri. Tulipopaka bati lile rangi nyeupe, stoo iliyokuwa tanuri ikawa chumba cha mtu kulala mchana. Ubaya haukuwa kwenye kanuni. Ubaya ulikuwa kwetu sisi.

"Tangi lisikutie presha," aliniambia Fundi Jicho. Anaitwa hivyo kwa sababu hapimi kwa futi, anapima kwa jicho. "Mtaa huu una tangi."

"Mangapi?"

"Mzee, nimesema tangi. Sikusema matangi."

Hapo ndipo nilipofunuliwa siri ya mtaa. Kanuni zilipotangazwa, mtu mmoja tu alinunua tangi kweli: mjane wa ukuta wa pili, ambaye tangu siku hiyo anaitwa Mama Tangi. Wengine waliona mkaguzi anakaa nusu saa tu. Sasa ya nini kununua kitu cha kutazamwa nusu saa? Wakaazima.

Lilikuwa tangi jeusi la plastiki, lina kiraka cha kijivu ubavuni kama kovu la moto. Limekwisha kupitisha nyumba kumi na nne. Linabebwa likiwa tupu, linasimamishwa chini ya gata, linatazamwa, linabebwa tena. Mlimao wa kwenye debe, wa kumwonyesha mkaguzi kuwa ua una mti, nao una safari zake, lakini habari za mlimao niziache.

Nikaenda kwa Mama Tangi kuomba.

"Hela sitaki," akasema, anachambua maharage. "Hela hata jirani mbaya anazo. Nipe jambo moja la kweli ambalo hujawahi kumwambia mtu."

"La namna gani?"

"La aibu. Na liwe na uzito. Mwenye duka alinipa la mke wake wa siri, nikampa tangi siku mbili. Wewe umetembea dunia miaka arobaini, usije kunipa la kuiba kijiko."

Nilikuna kichwa. Nina aibu nyingi, lakini nyingi ni za kuchekesha. Iliyo nzito ni moja tu. Nikampa hiyo.

Baba yetu alikuwa na baiskeli. Ndiyo iliyompeleka kazini. Jioni moja dada aliiendesha kutoka chuo cha ualimu, akaifunga kufuli, akaingia ndani. Asubuhi haikuwepo. Watu wote nyumbani walisema hakuifunga. Dada aliapa, akalia, akaitwa mzembe mbele ya shangazi na wajomba. Baba akaenda kazini kwa miguu mpaka alipoacha kazi. Na mimi asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeondoka "kutafuta maisha", kwa hiyo hakuna aliyeniuliza chochote.

"Aliifunga," nilimwambia Mama Tangi. "Ila mimi nilijua ufunguo unatundikwa wapi. Baiskeli ndiyo ilikuwa nauli yangu."

Mama Tangi aliacha maharage.

"Ndiyo maana mwalimu anavaa funguo shingoni," akasema.

"Ndiyo maana."

"Hilo ni la siku tatu. Njoo na fundi wako mlichukue."

"Na halitatoka hapa?"

"Kwangu? Mimi nilivyo ni kama tangi langu."

Nikafarijika. Nikasahau kuwa tangi lake lina kiraka.

*

Asubuhi saa nne juu ya alama, mkaguzi akagonga geti. Kijana mrefu, kishikwambi kwapani, mfuko wa vifaa begani, buti zenye kamba ndefu kama za kufungia ng'ombe.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Umekonda. Bado unaandika kama kuku anaparua?"

"Siku hizi siandiki, mwalimu. Nabonyeza."

Kumbe alimfundisha darasa la tano. Moyo wangu ukatulia. Nikasema moyoni, huyu atapitisha hata banda la bata.

"Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuwa njia ya mwongo ni fupi," mkaguzi aliniambia kwa heshima. "Nyumba nyingine nakagua mara mbili. Hapa kwake hata mara moja naona haya."

Dada akashusha macho kwa unyenyekevu wa mtakatifu. Mwezi uliopita tu alikuwa amekarabati jiko lake, na jiko hilo lilipita kwa tangi lile lile la Mama Tangi. Cheti chake kimetiwa fremu, kinaning'inia sebuleni. Nilipomtania jana yake jioni, alinijibu bila kupepesa: "Sikudanganya. Niliazima. Mkaguzi aliuliza tangi liko wapi, nikamwambia lile pale. Lilikuwa pale."

Sasa mkaguzi akawasha kishikwambi chake, akakunja uso.

"Mwalimu, kiwanja chako kina majengo mawili kwenye kitabu. Jiko, nililipitisha mwezi jana. Tangi moja. Chumba cha mzee, leo. Tangi moja. Kwa hiyo leo naangalia matangi mawili. Tuanze na la jikoni."

Mimi na Fundi Jicho tukatazamana.

Nyumba kumi na nne, na hakuna aliyeliona hili! Kwingine kote tangi lilipita mara moja likaenda zake. Hapa ndipo mahali pa kwanza liliporudi kwenye ua ule ule. Sisi tulikuwa tunahesabu nyumba, mwenzetu anahesabu matangi.

Tangi lilikuwa nyuma, chini ya gata ya chumba changu. Ubavuni mwa jiko palikuwa na gata inayomwagia hewani.

Dada hakutikisika. Watu waliosimamia mitihani miaka thelathini wana damu ya baridi.

"Pitia ndani," alimwambia mkaguzi. "Uone mabomba kwanza. Lakini sakafu yangu haikanyagwi na buti."

Mkaguzi akainama kufungua kamba. Nikamwona dada ananitupia jicho, jicho lile lile la utotoni, la "unangoja nini, mjinga wewe?"

Tukakimbia.

Kati ya nyumba na ukuta kuna kichochoro. "Linapita," Fundi Jicho alisema, jicho moja amelifumba. Halikupita. Lilikwama katikati kama mwizi dirishani, mimi huku, yeye kule.

"Sukuma!"

"Nasukuma! Umepima nini wewe?"

"Nimepima tangi! Sikupima ukuta!"

"Zungusha kiraka kiwe juu!"

Likatoka na sauti ya chupa inayofunguliwa. Tukalisimamisha chini ya gata ya jiko, tukajibanza chini ya dirisha, tunahema kama mbwa aliyefukuza gari.

Juu yetu dirisha likafunguka.

"Lile pale," sauti ya dada ilisema.

Mkaguzi akachungulia. Akatoa chaki mfukoni, akanyoosha mkono, akachora alama ya vema ubavuni mwa tangi.

"Naweka alama nisije nikachanganya," akasema. "Sasa twende kwa mzee."

"Vaa buti kwanza," dada akamwambia. "Nyuma kuna misumari."

Mungu ambariki aliyebuni kamba za viatu. Tulilirudisha tangi kwa njia ile ile, safari hii nimelilalia kwa bega. Kabla hatujalitua, Fundi Jicho akashika kichwa.

"Alama ya chaki!"

"Geuzia ukutani!"

Tukaligeuza. Mkaguzi alipotokea kwenye kona, mimi nilikuwa nimesimama kando yake na mkono kiunoni, kama mtu aliyekuwa anamwagilia maua.

"Mzee," akasema, "una chaki begani."

"Mimi ni ndugu wa mwalimu," nikamjibu.

Akacheka. Nami nikacheka, kicheko cha mtu anayemeza mwiba.

Akaingia chumbani kwangu. Akapima dirisha, akapima sakafu. Akapanda ngazi kuona bati, akashuka. Akabonyeza kitufe cha haja ndogo, akasikiliza, akabonyeza cha haja kubwa, akasikiliza tena kama daktari anayesikiliza kifua. Alitaka kujua mbao za mlango zimetoka wapi. Nikamwambia ni madawati mabovu ya shule ya zamani ya dada, na huo, jamani, ulikuwa ukweli mtupu. Bado kuna jina la mtoto limechongwa karibu na bawaba.

Kupitia dirishani niliwaona dada na Mama Tangi kwenye uwazi wa ukuta. Mama Tangi alikuwa amekuja kulinda mali yake. Alikuwa anamnong'oneza dada, mkono umefunika mdomo. Dada alisikiliza. Kisha nikamwona anashika zile funguo shingoni, anazibana kwenye ngumi, anazibana hasa.

Nikafikiri anasali nipate cheti.

"Mzee, hongera," mkaguzi akasema. "Chumba kizuri kuliko vingi nilivyoona. Nakipitisha." Akabonyeza, kishikwambi kikalia ti! Ndivyo nilivyopata makao duniani, kwa mlio mdogo kuliko wa panya.

Nikatoka nje. Miaka sitini na miwili, na sijawahi kuwa na mlango ambao siwezi kuambiwa "toka" na mlinzi, na nyapara au na mwenye gesti.

"Dada. Kimepita."

Dada alinitazama. Sura yake ilikuwa tuli, kama maji ya pipa. Akavua kamba shingoni, akachomoa ufunguo mmoja, akaniwekea kiganjani. Akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mtoto ananipa sarafu ya kwenda dukani.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Umepata ulichotaka."

Machozi yalinilenga. Nikayameza, maana Fundi Jicho anajua kutangaza.

"Kimebaki kitu kidogo tu," mkaguzi akasema nyuma yetu.

Akafungua mfuko wake. Akatoa vibati viwili vyenye namba, keekee ndogo ya kutobolea na ribiti za kubania.

"Utaratibu mpya. Kila tangi sasa linapigwa kibati cha namba ya jengo lake. Kikishapigwa hakitoki, labda ulikate tangi. Ofisini tuna picha za matangi ya mtaa huu, na mkubwa wangu anasema yote yana kiraka cha kijivu." Akatabasamu. "Nimemwambia labda kiwanda kilikuwa na kasoro."

Nikamtazama usoni, nijue kama anatucheka au anatuhurumia. Uso wa mkaguzi hausomeki. Nao ni wa kuazima, ule wa halali ameuacha nyumbani.

Mama Tangi akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Tangi lake! Akafungua mdomo, akaufunga. Angesema "hilo langu", nyumba kumi na nne zingeanguka pamoja naye, na aibu zote alizokusanya zingekosa pa kukaa. Keekee ikalia. Ribiti ikaingia, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Tangi pekee la mtaa mzima likawa la stoo yangu, kwa sheria, hadi mwisho wa dunia.

"Na hiki ni cha jikoni," mkaguzi akasema, anakirusha kibati cha pili kiganjani. "Twende wote."

Twende wote! Safari hii hapakuwa na buti za kuvua. Tuliongozana kama watu wa msibani: mkaguzi mbele, dada, mimi, Fundi Jicho, na Mama Tangi aliyeruka uwazi wa ukuta kwa umri ule. Nilihesabu hatua. Nilijaribu kukumbuka uongo wote niliowahi kuutumia kwenye vituo, vizuizi na kambi, sikuupata hata mmoja unaotosha lita elfu moja.

Tukapinda kona.

Gata ya jiko ilikuwa inaning'inia. Chini yake ardhini palikuwa na duara, alama ya kitako cha tangi, na michirizi ya kuburura iliyotoka pale ikaenda moja kwa moja kichochoroni.

Mkaguzi alitazama duara. Akatazama dirisha alilotolea mkono robo saa iliyopita.

"Mwalimu," akasema polepole, kama mwanafunzi anayeogopa kumsahihisha mwalimu wake ubaoni. "Nililitia alama mimi mwenyewe. Tangi lako liko wapi?"

Fundi Jicho akaanza kupima mawingu.

Mimi nilijua dada atasema nini. Dada hasemi uongo. Atasema ukweli, cheti chake kitashuka ukutani, changu kitafutwa, nami nitafungua ile zipu mbovu. Nikajiandaa. Nikasema moyoni, si kitu, angalau ufunguo nimeushika dakika tano.

"Limeibiwa," dada akasema.

Sote tukageuka.

"Limeibiwa asubuhi hii hii, wewe ukiwa unafunga kamba za buti. Fuata hiyo michirizi. Utalikuta nyuma, umelipiga kibati wewe mwenyewe. Geuza upande wa ukutani uone kama chaki yako haipo."

"Mwalimu, unasema..."

"Nasema hilo tangi ni la jiko langu. Na mwizi namjua. Si mara yake ya kwanza."

Akanyoosha kidole. Kilikuwa kidole cha ubaoni, kirefu, hakitetemeki, na kilisimama kati ya macho yangu.

"Muulize," akamwambia mkaguzi, lakini macho yake yalikuwa kwangu, "baiskeli ya baba yetu ilikwenda wapi."

Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa miaka arobaini, na bado siku ilifika kabla sijajiandaa. Nilimtafuta Mama Tangi kwa macho. Alikuwa anaangalia chini, anahesabu vidole vyake vya miguu.

"Dada," nikasema. "Si mbele ya watu."

"Mimi niliitwa mzembe mbele ya nani?"

Mkaguzi akatazama bega langu, pale penye chaki. Akatoa simu mfukoni. Wizi wa kifaa cha jengo lenye cheti si kazi ya halmashauri tena, ni kazi ya polisi.

"Mzee," akasema, na safari hii hakucheka. "Una la kujibu?"

Nilikuwa nalo. Ningesema neno moja tu, azima, mtaa mzima ungeanguka, dada akiwa wa kwanza, na fremu yake sebuleni. Neno lilifika hadi kwenye meno.

Kiganjani mwangu ufunguo ulikuwa bado una joto la shingo yake.